Muulize Hajati wa Kuku: Sanduku la vitabu vya marehemu baba

Barua za mafua ya kuku ni nyingi mwezi huu. Nimezifunga kwa raba, zitajibiwa toleo lijalo, na mwenye kuku wanaokoroma asinisubiri mimi, amwone daktari wa mifugo leo. Nafasi yangu nimempa kijana mmoja wa Jinja, kwa sababu barua yake ilinitoa kitini ikanipeleka kabatini. Nyingine nilizozichagua zinaizunguka hiyo hiyo.

*Hajati, asalaam alaikum. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu. Tangu tukiwa wadogo alikuwa mtu wa kuku. Ameacha sanduku la bati lenye vitabu kumi na kimoja vya kuku, vyote vya Kiingereza cha zamani, vingine jalada limeoza, na ndani amechorachora kwa penseli. Mjomba anataka tuviuze kwa kilo kwa akina mama wanaofungia karanga. Dada anataka kukata picha za majogoo azitie fremu sebuleni. Mimi ni kitinda mimba, sauti yangu haifiki mbali, lakini roho inanikataza. Vina thamani, au ni majonzi tu yananisumbua? — Kitinda mimba, Jinja*

Wa alaikum salaam, mwanangu, na poleni na msiba. Mwambie mjomba karanga zisubiri. Gazeti la jana linatosha kuzifunga.

Nami ninacho kimoja. Baba yangu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, kama wazee wengi wa hapa Bombo. Mwaka 1962 uhuru ukikaribia, afisa mmoja wa Kizungu alikuwa akifungasha, na mkewe akamwaga vitu barazani kuviuza: masufuria, kitanda cha mtoto, taa ya karabai. Baba alifuata karabai. Alirudi nayo, na juu yake kitabu kinene cha kuku ambacho yule mama alimwongezea bure, kama muuza nyanya anavyokutupia moja ya mwisho. Karabai iliharibika kabla sijaanza shule. Kitabu kipo. Mwaka 1979 tulipoihama nyumba mchwa walikila mbele, kwa hiyo sasa kinaanzia ukurasa wa 17, katikati ya sentensi, na jina hakina. Nyumbani kinaitwa Karabai.

Basi tuanze na thamani ya pesa, maana najua mjomba ataisoma barua hii. Fungua kila kitabu utafute mwaka. Ukikuta kikubwa cha Lewis Wright cha miaka ya 1870, chenye picha 50 za rangi za kuku zilizochorwa na J. W. Ludlow, kaa chini kwanza unywe maji, kisha mfiche dada mkasi. Picha zile ndizo zilizokiponza kitabu hicho duniani kote: wauzaji wamekuwa wakizikata moja moja na kuziuza kwa fremu, na kila picha inayotoka inakishusha bei kitabu kilichobaki. Kingine cha kuangalia ni cha Tegetmeier cha mwaka 1867, kilichochorwa na Harrison Weir. Huyo Tegetmeier aliandikiana barua na Charles Darwin miaka mingi juu ya kuku na njiwa, na Darwin alipochapisha kitabu chake cha wanyama wa kufugwa mwaka 1868, alishikilia kwamba kuku wote wa nyumbani, wako na wangu, wametokana na kuku mwekundu wa porini kule Asia.

Lakini nisikudanganye. Sanduku la mfugaji wa Jinja huenda likawa na miongozo ya miaka ya 1930 hadi 1950, ya kuku aina ya Rhode Island Red na Light Sussex, karatasi mbaya, picha nyeusi na nyeupe. Hivyo havikujengei nyumba. Dada akitaka picha, azipige kwa simu achapishe, jogoo wa ukutani hajui kama ni nakala.

Sasa penseli. Hapo ndipo nilipoinuka kitini. Katika Karabai, kwenye sura ya kuku anayeatamia, baba aliandika pembeni kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake cha kambini: "Tetea la Wobulenzi. Mayai 13. Kaangua 11. Mwewe 2, mvua 1." Chini yake, mwaka uliofuata: "Bintiye. Mayai 12. Kaangua 12." Utotoni nilidhani ni hesabu za madeni. Nimekuja kuzisoma vizuri nikiwa mtu mzima, nimeshafanya kazi ya usaidizi wa mifugo miaka ishirini na kitu, nikaona mzee amefuatilia ukoo mmoja wa kuku, mama hadi binti hadi mjukuu, kwa miaka tisa. Mwaka wa tano ameongeza: "Huyu haachi kiota hata ngoma ikipigwa."

Wafugaji wa zamani walioandika vitabu hivyo walifanya kazi hiyo hiyo. Kifaranga alitobolewa tundu dogo kwenye ngozi iliyo kati ya vidole vya mguu, kulia au kushoto, ndani au nje, na kila mpangilio wa matundu ulikuwa na maana yake daftarini: huyu ni wa mama fulani na jogoo fulani. Kuku akikua, ukimgeuza mguu unasoma nasaba yake. Mtu aliyekaa na ukoo mmoja miaka ishirini anaona jambo ambalo mimi na wewe, tunaonunua vifaranga kila baada ya miezi minne, hatuwezi kuliona.

Kwa hiyo wewe kitinda mimba piga picha kila ukurasa wenye penseli, kwa mpangilio, na jina la kitabu lionekane. Halafu nenda bandani ukatazame kama kuna kuku aliyebaki wa ukoo huo. Akiwapo, asiingie chungu cha arobaini, hata kama wageni ni wengi. Sanduku liinueni juu ya matofali, mbali na ukuta, na vitabu msivifunge kwa kaveera, mfuko wa plastiki, unyevu utavila kuliko mchwa. Mimi huweka majani makavu ya mwarobaini katikati, nabadilisha kila mvua zinapoisha. Mkishindwa kabisa kuvitunza, ndani ya Jumba la Makumbusho pale Kampala kuna maktaba ya Uganda Society. Nenda ukaulize kabla ya kumwachia mjomba mizani.

*Mama Hajati, nitavipata wapi hivyo vitabu vya zamani mimi nisiye na baba wa kuku? Na je, vinafaa huku kwetu wasikojua baridi? — Mwalimu, Gulu*

Vile vya kabla ya 1900 vingi vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa bure kwenye intaneti, katika Internet Archive na Biodiversity Heritage Library. Ni faili nzito, kwa hiyo tumia bando la usiku.

Kuhusu baridi, umeuliza vizuri. Vitabu vyao vingi vinakuambia uangulishe Machi na Aprili, ili matetea wachanga waanze kutaga kabla ya baridi kali, wakati mayai Uingereza yalikuwa adimu na ghali. Ukifuata tarehe hizo Gulu utaviweka vifaranga nje mvua zikianza, na kifaranga aliyelowa ni kifaranga aliyekufa. Soma sababu, iache tarehe. Mimi napenda waanguliwe ili wawe na manyoya ya kutosha kabla ya mvua kubwa, na wakute mchwa: geuza chungu kikuukuu juu ya kinyesi cha ng'ombe na mabua yaliyoloweshwa, jioni, karibu na kichuguu, na asubuhi una kifungua kinywa cha vifaranga arobaini. Hilo katika Karabai halimo, nimefundishwa na bibi yangu.

*Hajati, kwa heshima zote. Nina Kuroiler mia tatu, hawa kuku chotara. Wanakua haraka, mteja ananipigia simu mwenyewe. Hao wazee wa vitabu walikuwa wanahesabu meno ya undu, kile kilemba chekundu cha jogoo, kama watu wasio na kazi. Kuna nini humo cha kumfaa mfugaji wa leo? — Mwenye haraka, Mukono*

Mwenye haraka, nusu ya maneno yako nayakubali, kwa hiyo tulia.

Ni kweli walihesabu meno. Chama cha kuku cha Marekani kiliundwa mwaka 1873 na mwaka uliofuata kikatoa kitabu cha vipimo vya kuhukumia kuku wa mashindano, kila aina na sifa zake, na jogoo wa Leghorn wa undu moja anatakiwa awe na meno matano, si manne wala sita. Na mashindano hayo yaliharibu kuku. Kuku mweusi wa Kihispania alipendwa kwa uso wake mweupe, basi wakaukuza ule weupe kizazi baada ya kizazi mpaka kuku mwenyewe akadhoofika, ambaye zamani alisifiwa kwa mayai makubwa. Cochin aliingia Uingereza kutoka China miaka ya 1840, ndege mkubwa mpole anayetaga, wakamgeuza furushi la manyoya. Hapo wazee wale siwatetei.

Tena walikuwa na wimbi lao la kipumbavu, wenyewe waliliita homa ya kuku, na waliougua ni wenye pesa. Mwaka 1849 Uingereza ilikaza sheria dhidi ya kupiganisha majogoo, na watu waliozoea kupiganisha ndege wakahamia kuwashindanisha kwa uzuri. Mwaka huo huo Boston, Marekani, ikafanya maonyesho makubwa ya kuku, bei zikapaa. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, George Burnham, alimpelekea Malkia Victoria kuku kama zawadi mwaka 1852, magazeti yakaandika, naye akauza kwa bei aliyotaka. Mwaka 1855, homa ilipokwisha, akatoa kitabu cha kuwacheka wote walionunua, wakiwemo wateja wake. Nikikisoma huwa nakumbuka wimbi la kware. Nina jirani aliyejaza chumba cha wageni vizimba vya kware akiambiwa mayai yake yanatibu kila kitu, na leo vizimba vile anaanikia muhogo.

Lakini Kuroiler wako, kifaranga anatoka kwenye kituo cha kuangulia, na ukiangulisha mayai yao mwenyewe hupati tena wale wale, wanatawanyika, huyu mkubwa huyu mdogo. Kila mzunguko unarudi dukani. Siku kituo kikichelewa wewe umefunga biashara. Sasa msikilize William Cook. Alikuwa mwendesha gari la farasi, si tajiri wala si profesa, akiishi Orpington, huko Kent. Alichanganya kuku wa aina tatu, Minorca, Langshan na Plymouth Rock, akachagua, akachagua tena, na mwaka 1886 akatoa kuku mweusi aliyempa jina la mji wake. Waaustralia wakamchukua huyo Orpington mweusi, wakaacha manyoya wakafuata mayai, wakapata Australorp. Mwaka 1922 hadi 1923 matetea sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Gawanya mwenyewe. Hakukuwa na Kuroiler, wala taa ya usiku bandani.

Na sisi? Msimu wa sikukuu jogoo bora anakwenda wapi? Idi anachinjwa. Krismasi anauzwa kwa sababu ndiye anayeleta bei. Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, yule mwekundu mrefu mwenye mkia wa upinde ndiye anayechaguliwa kuwa jogoo wa muko, kaka wa bibi harusi. Anayebaki kupanda matetea ni yule mdogo aliyekosa mnunuzi. Tunafanya hivyo miaka yote halafu tunasema kuku wa kienyeji hawakui. Jaribu jambo moja tu pembeni ya hao mia tatu wako: nunua matetea sita wa kienyeji na jogoo mmoja mzuri, uweke kando, na Desemba huyo jogoo asionekane sokoni.

*Hajati, babu aliacha kitabu cha dawa za kuku. Kuna ya zebaki na nyingine ya asidi na chuma ya kutia kwenye maji. Nijaribu? Kuku wangu wanaharisha kijani. — Arua*

Usijaribu. Sura ya magonjwa katika kitabu cha zamani ifunge kwa uzi. Walitoa kalomeli, ambayo ni zebaki, walitia salfeti ya chuma na asidi ya salfa kwenye maji ya kunywa, na vile vya baada ya vita vya pili vinakuambia umpake kuku DDT kuua chawa. Yai la kuku huyo utamlisha nani?

Tena vingi havina ugonjwa wako. Kideri, ambacho wengi hapa wanakiita Newcastle, kilitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji huo wa Uingereza. Gumboro ilijulikana 1962 Marekani. Kitabu cha 1873 hakiwezi kukuonya juu yake, utasoma "kipindupindu cha kuku" ukadhani umepata. Ukiona kuharisha kijani, au shingo kupinda, mtenge mgonjwa sasa hivi, usiuze, usimgawie jirani, mwite mtu wa mifugo, na walio wazima wakisalimika uwape chanjo ya tone la jicho kwa ratiba atakayokupa.

*Hajati shikamoo. Mama mkwe wangu anashika kuku gizani na kusema huyu anataga, huyu anakula bure, na hakosei. Anasema alijifunza kwa mzee mmoja mwenye kitabu. Hataki kunifundisha mpaka nimzalie mjukuu. Nisaidie. — Mke mgeni, Masindi*

Marahaba mwanangu, na Mungu akujalie, lakini kuku hawezi kusubiri miezi tisa.

Njia hiyo ilipata umaarufu mwanzoni mwa karne iliyopita kupitia Mmarekani Walter Hogan, na Karabai inayo, ukurasa wa 112, wenye doa la mafuta. Ngoja jioni kuku wapande, wakiwa wametulia. Mshike tetea chini ya mkono wa kushoto, kichwa kikielekea kwapani, mkia mbele yako, miguu uishike kati ya vidole. Kwa mkono wa kulia tafuta mifupa miwili myembamba iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Kwa kuku anayetaga vidole vyako viwili au vitatu vinapita katikati yake, na mifupa inanesa kidogo. Kwa asiyetaga inapita kidole kimoja kwa shida, na mifupa ni migumu kama imeshonwa. Halafu pima chini, kutoka mifupa hiyo hadi ncha ya mfupa wa kidari: vidole vitatu, vinne, ndipo mayai yana nafasi. Ngozi ya tumbo iwe laini kama sikio la mtoto. Ikiwa ngumu na nene, humo kuna mafuta. Tundu lenyewe kwa anayetaga ni pana na lenye unyevu, kwa asiyetaga limekunjamana na ni kavu.

Mchana kuna ishara nyingine, ila ni kwa kuku wa ngozi ya njano tu, kama Rhode Island Red au Leghorn. Ile njano inatumika kwenye kiini cha yai, basi anapotaga inamtoka mwilini kwa mpangilio: kwanza tunduni, kisha mzingo wa jicho, ndewe la sikio, mdomo kuanzia shinani, na mwisho miguu. Mwenye miguu iliyopauka ametaga muda mrefu. Light Sussex ana miguu myeupe tangu kuzaliwa, usimhukumu kwa hilo. Na anayeatamia au anayenyonyoka usimhukumu hata kidogo, mpime tena baada ya wiki kadhaa.

Jambo moja mama mkwe huenda hakulisema. Vidole ni vya nani? Baba yangu alikuwa na mikono ya kushika bunduki na jembe, kila kuku kwake alikuwa hatagi, na mwaka mmoja alichinja matetea wawili ambao tumboni walikutwa na mayai yamepangana kama shanga, kubwa hadi dogo. Mama hakumsemesha siku mbili. Kwenye ukurasa huo wa 112, chini ya doa la mafuta, penseli ya baba inasema: "Vidole vya mama watoto, si vyangu."